Mkono wa Mzee Muhsin

Wiki iliyopita tulimwacha Shehe Mfaume mdomo wazi, khutba ya nikahi imemkwama kooni, na Bi Najma kasimama mlangoni kanyoosha kidole. Nyie mlionipigia simu tangu Jumanne mkitaka kujua alichokuja kusema, haya, kaeni vizuri.

"Hakuna nikahi hapa!" alisema Bi Najma. "Hawa ni ndugu. Wamenyonya ziwa moja!"



Kwa msomaji uliyechelewa kuungana nasi, nikupe kwa ufupi. Mzee Muhsin, mwenye duka la vitambaa hapa Temeke, yuko kitandani, na madaktari wameshamrudisha nyumbani. Unajua maana yake. Ana mtoto mmoja tu, Khairiya. Yeye mzee akifumba macho, walii wa Khairiya, yaani mtu mwenye haki ya kumwozesha, atakuwa mdogo wake mzee, Ami Abdulrahman, mume wa huyu Bi Najma. Kumlazimisha hawezi, shehe yeyote atakwambia hivyo. Lakini anaweza kumkatalia kila mwanamume mpaka abaki yule anayemtaka yeye, na anayemtaka yeye ni Jawad.

Jawad, mwenye yadi ya makontena Kurasini, ndiye aliyemuoa Reem, shoga yake Khairiya. Reem aliingia nyumba ya Jawad ya Kimara bibi harusi, akatoka ndani ya jeneza. Dada zake walipokwenda kumwosha, kama ilivyo haki yao, waliambiwa getini kwamba ameshaoshwa, ameshakafiniwa, warudi makwao. Khairiya alikuwa pamoja nao. Tangu siku ile akisikia jina la Jawad huinuka akatoka.

Ndiyo maana Mbwana, rafiki yake tangu wanacheza kombolela, kijana wa kutoa mizigo bandarini asiye na makuu, alikubali kumuoa. "Nikuoe tu, Khai," alimwambia. "Ukinichoka utasema." Urafiki mtupu, walidai wote wawili. Sie tunaomfahamu Mbwana tulicheka kimoyomoyo.

Sasa turudi chumbani, maana mgonjwa hana muda wa kutungoja.

"Najma, unasema nini?" aliuliza Mzee Muhsin. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu waache kupumua ili waisikie.

"Nasema ninalolijua, shemeji. Mkeo alipofariki kwenye uzazi, wewe ulikuwa safarini Maskati. Nani alibaki na kichanga? Mie! Maziwa ya kopo anatapika, analia mpaka sauti inakauka. Nikampeleka Kurasini kwa Mwanabaraka, akamnyonyesha. Nikampeleka tena na tena mpaka uliporudi. Kama naongopa, huyo hapo. Mwulizeni."

Macho yote yakamgeukia Bi Mwanabaraka, mama yake Mbwana, aliyekuwa kakaa mkekani kando ya kabati, ushungi umemfika machoni.

"Bi Mwanabaraka," alisema shehe, "ulimnyonyesha Khairiya?"

"Nilimnyonyesha."

"Akawa anashiba?"

"Anashiba, shehe. Na si mara moja wala mbili."

Shehe Mfaume akashusha pumzi. "Basi imekwisha. Dada na kaka hawaoani. Mbwana, achia mkono wa mzee."

Mbwana akauachia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezabwa kofi na mtu asiyemjua.

Ami Abdulrahman alikuwa kaegemea dirishani, anatazama uani. Hakuwa na wasiwasi. Tangu asubuhi alikuwa ameshaleta vijana wakafunga turubai uani na kupanga viti. Fundi wao alimwuliza, "Mzee, shughuli ni harusi au msiba?" Ami akamjibu, "We funga tu."

Sasa umeelewa.

"Na kwa nini hukusema mwaka mzima huu tangu posa, Najma?" aliuliza Mzee Muhsin.

"Hamkuniuliza," alijibu Bi Najma, akamtupia mumewe jicho.

Khairiya hakumwangalia Bi Najma. Alimwangalia Bi Mwanabaraka, na machozi yakamtoka bila kujificha. "Mama, ulikuja kuposa kwa mguu wako. Ulijua. Kwa nini uliniacha nifike hapa?"

Bi Mwanabaraka akainuka mkekani taratibu, mkono kwenye goti.

"Niliacha kwa sababu hakuna haramu," alisema. "Shehe, usiondoke. Nimemnyonyesha binti huyu, sikatai. Lakini Mbwana sikumnyonyesha."

Bi Najma akaangua kicheko. "Makubwa! Mwanao wa kumzaa hukumnyonyesha? Mie nilimwona kwa macho yangu, kalala kitandani kwako, kafunikwa kanga!"

"Uliona kanga, Najma. Ulikwenda ukaifunua?"

Kicheko kikamkatikia Bi Najma mdomoni.

"Mwanangu wa kumzaa tulikuwa tumeshamzika," alisema Bi Mwanabaraka. "Maziwa yakabaki, yananiuma kifua kizima. Nikawa naikunja kanga naiweka palepale alipokuwa analala, ili usiku mkono wangu uguse kitu. Mara ukabisha hodi na mtoto wa watu analia. Nikampokea. Hukuniuliza wangu yuko wapi, nami sikuwa na nguvu ya kusema."

Mashahidi wawili, majirani watu wazima wenye kofia zao, wakainamisha vichwa. Mie mwenyewe ninayewaandikia nilipofika hapa niliiweka kalamu chini kwanza.

"Mama," aliita Mbwana. "Sasa mie nani?"

Hapo ndipo Bi Mwanabaraka alipolia.

"Wewe ni mtoto wa dada yangu Salma, wa Kilwa. Yeye na mumewe waliondoka kwa homa moja, wakafuatana. Nilikwenda kukuchukua umeshaota meno, unakula ugali, unakimbia. Ziwa langu hukuwahi kulionja. Nilitaka niende na siri hii kaburini, wallahi. Lakini nikinyamaza leo, huyu binti anakwenda Kimara."

"Miaka yote hii nakuita mama."

"Na mama yako ni nani mwingine?"

Mbwana akainuka. Aligeuka, akampita Bi Najma mlangoni, akatoka.

Shehe Mfaume alikuwa ameshapata uso mpya. "Alhamdulillahi. Kama hawakunyonya ziwa moja, kizuizi hakipo. Huyu kijana kwake ni mtu wa mbali, nikahi inasihi, ni halali. Mrudisheni."

"Taratibu, shehe." Hatimaye Ami Abdulrahman alifungua kinywa, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. "Sie tuna jina letu mjini hapa. Dakika hii tumeambiwa kijana si mtoto wa yule tuliyemdhania. Si vizuri tukatuma mtu Kilwa, tukamjua baba yake na ukoo wake? Tuahirishe mpaka Ijumaa. Kuna haraka gani?"

Haraka gani! Kaka yake anavuta pumzi moja, anapumzika, anavuta nyingine, na yeye anauliza haraka gani. Nawajua watu wa aina hii. Atakuzika huku akikuuliza mbona una pupa.

Mzee Muhsin akafumbua macho. "Abdulrahman. Mie Ijumaa sina." Akamgeukia binti yake. "Kamlete, mwanangu."

Khairiya alimkuta Mbwana ukumbini, paji la uso limegusa ukuta. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi kuelekea uani. Chini ya turubai viti vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja cha mbele kabisa. Jawad alikuwa amekikalia, kanzu nyeupe pe, mguu mmoja juu ya mwingine, anakula halua kwenye kisahani. Alimwona Khairiya. Akatabasamu, akaendelea kula.

Khairiya akaupa uani mgongo.

"Mbwana."

"Niache kidogo, Khai. Mie sijui hata naitwa nani."

"Unaitwa Mbwana. Nakujua tangu unaniibia ubuyu."

"Usinichekeshe saa hizi, bwana."

"Baba anakwenda. Akiondoka hujasema, mie mikononi mwa Ami, na Ami ameshaniuza kwa mdomo. Unakumbuka Reem alivyotoka kule? Mie nilirudishwa getini. Nani atakuja kuniosha mie?"

Mbwana akafumba macho.

"Sikuombi unipende," alisema Khairiya. "Nakuomba uingie useme nimekubali. Basi."

"Na kama nakupenda tayari?" Aliuambia ukuta, si yeye. "Kama nilikuwaga nakupenda hata kabla ya huyo Jawad wako?"

Moyo wa Khairiya uliruka, na hakuwa na wakati wa kuuliza umerukia wapi. "Basi ingia upesi," alisema.

Wakaingia.

Shehe aliwakalisha upya. Kwa desturi bibi harusi angekuwa chumba kingine, lakini mzee alikuwa amekataa kumwachia, kwa hiyo Khairiya alipanda kitandani, akakiegemeza kichwa cha baba kifuani kwake, akamshika mkono wa kushoto. Mbwana alipiga magoti upande wa pili, akaushika mkono wa kulia, dole gumba kwa dole gumba, kama nikahi inavyotaka. Mashahidi wakasogea. Ami akabaki miguuni mwa kitanda.

"Mzee, unaweza?" aliuliza shehe.

"Naweza."

Vidole vya mzee vilikuwa vinatembea taratibu kiganjani mwa Khairiya. Alikuwa anahesabu dhikiri, hana tasbihi, anatumia vidole vya mwanawe. Khairiya alijua kila kidole kilipogusa.

"Mbwana," alisema Mzee Muhsin.

"Labeka, mzee."

"Nakuoza... mwanangu Khairiya... kwa mahari mliyopatana."

Alilitoa kila neno kwa jasho.

Hapo jibu linatakiwa papo hapo, hata watoto wa madrasa wanajua. Mbwana akafungua mdomo. Macho yake yakaruka, yakamwangukia Bi Mwanabaraka pale mkekani, anajifuta uso kwa pembe ya kanga. Alitaka kusema, sauti haikuja.

"Jibu, kijana," alisema shehe.

Kimya.

"Mbwana, jibu!"

Na kiganjani mwa Khairiya, kidole cha baba kilichokuwa njiani hakikufika.

Alingoja. Hakikufika. Kifua cha baba hakikupanda. Kichwa kikawa kizito, uzito ambao binti yeyote aliyewahi kuuguza anaufahamu bila kufundishwa. Baba yake alikuwa amekwenda, na mwanamume aliyekuja kumwokoa alikuwa bado anatafuta sauti.

Angepiga kelele, nikahi ingekufa palepale pamoja na mzee. Khairiya hakupiga kelele. Aliuma midomo, akakikaza kile kichwa kisianguke, akaubana ule mkono kwa nguvu zake zote, akamtazama Mbwana kwa macho yaliyokuwa yanasema: sema, sema, sema!

"Nimekubali kumuoa Khairiya," alisema Mbwana, "kwa mahari tuliyopatana."

"Alhamdulillahi!" alisema shehe.

Mtu mmoja akalichukua neno mlangoni, akalipeleka uani, na wanawake waliokuwa kwenye sufuria za pilau wakapasua vigelegele. Vilipanda, vikapokewa na nyumba ya pili, na ya tatu. Mtaa mzima ulikuwa unashangilia, na Khairiya kashikilia maiti ya baba yake mikononi, hathubutu kulia.

Ami Abdulrahman aligusa unyayo wa kaka yake. Akasogea mbele, akaweka mkono mbele ya pua yake.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Waambieni hao wanawake wanyamaze."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Bi Mwanabaraka akajifunika uso. Shehe akanyoosha mkono, akayafumba macho ya mzee. Hapo Khairiya akalia, lakini hakupewa nafasi ya kulia vizuri.

"Amekufa kabla," alisema Ami.

"Kabla ya nini?" aliuliza shehe.

"Kabla kijana hajakubali. Mmeona wote alivyokaa kimya. Kaka yangu alikata roho katika kimya kile. Walii akifa neno halijajibiwa, hakuna nikahi. Nakosea, shehe?"

Shehe Mfaume alikunja uso. "Hukosei. Kama ilikuwa hivyo, hakuna."

"Na walii sasa ni mie."

"Ni wewe."

Uani, Jawad alikuwa ameinuka kitini. Alikuja mpaka dirishani, akasimama, kisahani bado mkononi.

Shehe akawauliza mashahidi. Wakatazamana. "Sie tulikuwa tunamwangalia bwana harusi mdomoni," alisema mmoja wao. "Mzee hatukumwangalia." Shehe akamwuliza Mbwana. Mbwana akatikisa kichwa, macho chini. "Nilikuwa namwangalia mama, shehe. Sikumwangalia mzee."

"Basi amebaki mmoja," alisema Ami. "Aliyekuwa kamkumbatia. Na aseme kwa kiapo."

"Bwana Abdulrahman, mtoto kafiwa sasa hivi!" alisema shehe.

"Ndiyo maana hataweza kuongopa."

Msahafu ukaletwa. Shehe Mfaume hakutaka, lakini angefanyaje? Alikaa mbele ya Khairiya, akasema naye polepole, kama mzazi.

"Mwanangu, una udhu?"

"Ninao."

"Sikiliza vizuri. Ukisema alikuwa hai, wewe ni mke wa Mbwana tangu dakika ile, na hakuna wa kukutoa kwake. Lakini ikiwa hakuwa hai nawe ukasema alikuwa, kila usiku utakaolala kwake ni zinaa, na watoto mtakaozaa hawana baba. Mie sitajua. Mbwana hatajua. Utajua wewe na Mola wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shehe."

Alielewa kuliko walivyodhani. Upande mmoja kulikuwa na geti la Kimara lililomfungia Reem. Upande wa pili kulikuwa na moto aliofundishwa kuuogopa tangu hajui kufunga ushungi. Na aliyemfundisha kuuogopa alikuwa kalala pale, shingo bado ina joto.

Jawad akagonga dirisha kwa kijiko, kidogo tu, kama mtu anayeita mhudumu.

Khairiya akaweka mkono juu ya Msahafu.

"Wallahi," alisema, "baba yangu alikuwa hai Mbwana alipokubali. Alinibana kidole."

Bi Najma akasonya, akatoka. Bi Mwanabaraka akanyanyua mikono kumshukuru Mungu. Shehe Mfaume akafunga Msahafu, akaubusu.

"Imekwisha," alisema. "Khairiya ni mke wa Mbwana. Na sasa tumshughulikie maiti wetu. Naenda msikitini kutangaza." Akaelekea mlangoni kutafuta makubazi yake.

Ami Abdulrahman hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Khairiya. Alikuja akamkumbatia, kama ami anavyomkumbatia binti wa kaka yake aliyefiwa, na watu wakaona ni jambo jema. Akamwinamia sikioni.

"Umeapa uongo, mwanangu. Nilikuwa nakiona kifua chake. Lakini sitabishana tena. Sihitaji shahidi, shahidi wangu ni wewe. Siku utakapojijua una mimba, hutalala. Utakuja kwangu kwa miguu yako kunieleza ukweli. Na Jawad ana subira sana."

Akamwachia. "Pole, mwanangu," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Na hongera."

Khairiya akageuka. Akamtafuta Mbwana. Alitaka kumwona tu, yule yule wa siku zote, amwambie neno lolote la kipuuzi ili dunia irudi mahali pake.

Mbwana alikuwa bado kapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Hakuwa anamwangalia bibi harusi. Alikuwa ameukunjua mkono wake wa kulia, ule ulioshikana na mkono wa mzee, anaukunja na kuukunjua tena, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayekumbuka mkono ule ulilegea lini.

Khairiya akatikisa kichwa. Usiseme. Kwa jina la Mungu, usiseme.

Lakini tunamfahamu Mbwana. Huyu ni kijana ambaye akipewa chenji zaidi hurudi dukani kwenye mvua. Alimpenda mno kiasi cha kutotaka kumpata kwa haramu, na hakuwa amesikia Ami alichomnong'oneza Khairiya.

Shehe Mfaume alikuwa ameshavaa kubazi moja.

"Shehe," aliita Mbwana, "ngoja kwanza."